Dola Kumi kwa Kila Kichwa

Siku sitini kabla ya safari, saa kumi na mbili kamili asubuhi, Lavonne Pruitt alikuwa ameketi jikoni kwake Terre Haute, simu mkononi, miwani puani, kadi ya benki ameiegemeza kwenye kikombe cha kahawa. Kwa watu wanaokwenda bustani ya michezo ya Merrivale kule Florida, hiyo ndiyo saa yenyewe. Nafasi za meza migahawani hufunguliwa alfajiri hiyo, na ukichelewa dakika tano utakula soseji ukiwa umesimama juani wiki nzima. Lavonne hakuwa mtu wa kuchelewa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkuu wa jiko la shule, akiwalisha watoto mia sita kila siku, na haikutokea hata mara moja kengele ya chakula igonge sufuria zikiwa bado motoni.

Kufika saa kumi na mbili na dakika tatu alikuwa amepata alichokitaka: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, mgahawa wa Nyumbani kwa Hattie, meza ya watu wanane. Simu ikamwuliza kama anakubali masharti. Akayasoma yote, maana yeye ni wa kusoma masharti. Ukitaka kufuta, ufute saa mbili kabla. Usipofuta na usipofika, kadi yako itakatwa dola kumi kwa kila kichwa. Akakubali, akayanakili kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa kunyooka, akaitia karatasi kwenye faili jekundu.

Faili hilo watoto wake walilijua na walilicheka. Kila siku ya safari ilikuwa na ukurasa wake: chai ya asubuhi wapi, chakula cha mchana nani anakula nini, mjukuu yupi karanga zinamvimbisha midomo, kutoka geti la mbele mpaka mgahawani ni mwendo wa dakika ngapi kwa mtu mwenye nyonga mbovu. Kirk, kifungua mimba wake, aliliita Katiba. Jolene, wa katikati, alisema mama yao hata mbinguni ataingia na orodha ya vyakula. Na Wade, kitindamimba? Huyo kawaida yake ilikuwa kucheka, kisha kufika wa mwisho.

Ila safari hii faili lilibeba jambo ambalo hawakulijua. Nyuma kabisa, baada ya ramani ya bustani, kulikuwa na karatasi ya Cedar Court, nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto palepale Terre Haute. Chumba namba kumi na nne, kitanda kimoja, dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Mwezi wa pili Lavonne alikuwa ameanguka kwenye ngazi za kushukia chini ya nyumba, kapu la nguo mikononi. Alilala pale kwenye sakafu ya saruji saa nne nzima, akisikia simu ikilia juu jikoni na kukata, ikalia tena na kukata. Alijikokota ngazi moja moja mpaka juu, akakuta aliyepiga alikuwa mtu wa kuuza madirisha. Hakumwambia yeyote. Daktari ndiye aliyemtolea uvivu: nyonga hii haitavumilia anguko la pili, usiishi tena peke yako. Akamwuliza kama ana watoto. Lavonne akasema anao watatu. Daktari akasema basi una bahati, akageukia mgonjwa mwingine.

Watatu, ndiyo. Kirk alikuwa na nyumba kubwa huko Indianapolis, na chini ya nyumba hiyo chumba kizima chenye zulia na choo chake, ambamo mlikaa baiskeli ya mazoezi inayoanikiwa mashati. Jolene, tangu aachane na mumewe, alikaa na binti yake mmoja kwenye nyumba ya vyumba vinne. Wade alipanga Chicago, lakini kazi yake ilikuwa ya kompyuta, ambayo angeweza kuifanya hata kwenye chumba alimokulia, nyumbani kwa mama yake. Lavonne hakuwa akiomba makubwa. Alitaka kuwauliza swali moja wakiwa wamekaa pamoja, wameshiba, hakuna anayetazama simu: nani kati yenu ana nafasi yangu? Kwa simu asingeweza. Kwenye simu kila mtu ana gari linalongoja. Na mara ya mwisho watatu hao kukaa meza moja ilikuwa siku walipomzika Delmar, baba yao, miaka mitatu iliyopita.

Bi Oyler, msimamizi wa Cedar Court, alikubali kumshikia chumba mpaka Alhamisi hiyo saa moja jioni. Malipo ya awali alikwisha yapokea. "Ukinipigia kabla ya saa moja kwamba hukitaki, nakurudishia pesa yako na hatuna neno," alimwambia. "Ukinipigia kwamba unakitaka, ni chako. Lakini usiponipigia kabisa, pesa imekwenda na chumba nampa mwingine. Nina foleni, Lavonne."

Lavonne alimwelewa vizuri. Ndivyo na yeye angefanya.

Kwa nini kwa Hattie? Kwa sababu mwaka 1989 yeye na Delmar waliwaleta watoto Merrivale kwa mara ya kwanza na ya mwisho, wamelala kwenye gari njia nzima, mikate na soseji kwenye sanduku la barafu, na pesa yao ilitosha mlo mmoja tu wa kukaa mezani. Wakaula kwa Hattie. Kirk alikula vipande vitano vya kuku. Wade, mwenye miaka mitatu, alilala uso ndani ya viazi vya kuponda. Delmar aliivua kofia yake na kuiweka gotini, jambo ambalo kwao nyumbani alilifanya kanisani tu. Lavonne aliona kama kuna mahali watoto wake watakumbuka kwamba wao ni wa nyumba moja, ni hapo.

Sasa safari yenyewe. Tokea Jumatatu ilikwenda kama faili lilivyosema, lakini ilikwenda kwa kuburutwa. Bustani ile ina kawaida yake: ukishasimama saa nzima kwenye foleni ya bembea, na zimebaki dakika kumi zamu yako ifike, ndipo saa ya meza yako inapogonga upande wa pili wa bustani. Hapo ndipo Lavonne alipotumia silaha yake. Alisimama nje ya kamba, mkoba kifuani, akawaita kwa sauti ya jiko la shule kwamba watatozwa. Dola kumi kwa kila kichwa, vichwa vinane, hesabuni wenyewe. Na wao walitoka kwenye foleni shingo upande, wajukuu wamenuna, Tess mke wa Kirk amebana midomo, wakamfuata kwenda kunywa chai na mtu aliyevalishwa kama sungura mkubwa wa manyoya, ambaye hakuna aliyekuwa na hamu naye.

Silaha hiyo ilikuwa ya zamani. Watoto wale walilelewa nayo. Kwa daktari wa meno, twende, tushalipia. Chakula cha jioni cha kanisa, twende, nimeshaandikisha watu watano. Karamu ya kumaliza shule ya Wade, ambayo Wade mwenyewe hakuitaka, twende, keki ilishanunuliwa. Mwanamke huyu aliwapenda wanawe mpaka mifupani, lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwaambia njooni kwa sababu nawataka. Aliona haya. Kwao hawakusemezana hivyo. Kulipia kabla, kisha kukataa kilicholipiwa kipotee, hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, na kwa kuwa ilifanya kazi, hakutafuta nyingine.

Alhamisi asubuhi walikuwa wakinywa chai kwenye nyumba waliyopanga, nusu saa kutoka bustanini. Kirk alikuwa na furaha ya kitoto. Alfajiri ile amepata nafasi saba kwenye Kimbunga, treni mpya inayopanda hewani na kupinduka watu wakiwa miguu juu, ambayo watu walikuwa wakiililia mtandaoni tangu ifunguliwe. Saa kumi na moja na nusu jioni. Bahati ya mtende, alisema, maana nafasi zile ziliisha kwa sekunde nane.

"Saa kumi na mbili tuko kwa Hattie," Lavonne alisema.

"Tutawahi, Mama. Nusu saa nzima."

"Foleni za hapa nimeziona. Nusu saa haitoshi."

Kirk akaweka kikombe chini. Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ile ya mtu mzima anayemtuliza mteja. "Kwani kwa Hattie kuna nini hasa? Kuku wa kukaanga? Mama, kuku wamejaa Florida nzima."

Hapo ndipo palipokuwa pahali pa swali lake. Jolene alikuwa ameinua uso. Wade alikuwa ameacha kutafuna. Hata Tess alikuwa akimtazama, na wajukuu walikuwa nje kwenye bwawa. Maneno yalimjia Lavonne mpaka kooni: kuna jambo nataka kuwauliza, nilianguka, naogopa. Yalisimama pale. Akaiona ile sakafu ya saruji, akaona haya kama aliyeonwa amelala juu yake, na mdomo ukatoa ulichozoea kutoa.

"Tusipofika watatutoza. Dola kumi kwa kichwa."

Kirk akacheka, akamshika bega. "Kumbe ni hilo tu."

"Ni hilo tu," Lavonne alisema.

Maneno hayo matatu alikuja kuyatafuna jioni yote ile, na hayakuwa na ladha ya kuku.

Mchana alibaki kupumzisha nyonga. Saa kumi kasorobo simu ilimkumbusha kwamba muda wa kufuta unakwisha, ikamwuliza kama bado ni watu wanane. Akathibitisha wanane. Kisha akavua ile fulana ya kijani iliyoandikwa jina la familia, ambayo wote waliivaa tangu Jumatatu na ambayo yeye ndiye aliyeichapisha, akavaa blauzi yake ya bluu ya Pasaka. Akajipaka rangi ya mdomo kidogo. Akapanda basi la bustani, faili jekundu kwapani.

Alifika kwa Hattie saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Mahali palikuwa vilevile: karatasi za maua ukutani, vitambaa vya kufuma juu ya viti, runinga ya kizamani inayoonyesha picha nyeusi na nyeupe. Wahudumu wote ni mashangazi. Ndiyo mchezo wa pale. Ukiweka kiwiko mezani, shangazi anakugonga kwa mwiko. Usipomaliza mboga, anakulisha kwa kijiko mbele ya umati, na watu wanapiga picha. Watu hutoka majimbo ya mbali na kulipa pesa nzuri ili wagombezwe na shangazi wa kukodi, na wa kwao wenyewe wamewaacha nyumbani wakigombeza bure.

Sheria ya mgahawa ni kwamba hamketishwi mpaka mtimie. Lakini shangazi aliyempokea, mwanamke mnene wa miaka hamsini aliyeandikwa Shangazi Peg kifuani, aliitazama nyonga yake, akamketisha. Meza ya duara, viti vinane, karibu na dirisha la kuchorwa. Lavonne akaweka faili kwenye kiti cha kulia kwake ili hapo akae Jolene. Akabadilisha mawazo, akaona Jolene akae mbele, amwone usoni. Akalihamisha faili.

Saa kumi na mbili ikafika. Zikapita dakika tano. Familia ya meza ya pili ilikuwa ikicheka kwa sababu babu yao amelishwa njegere kama mtoto mchanga.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili ujumbe ukaingia, wa Kirk, kwenye kundi la familia. *Mama, treni ilikwama kidogo ndiyo wanaianzisha sasa. Tuko karibu kabisa, tukitoka tunapoteza zamu. Kula tu wewe, tutaonana kwenye fataki. Na faini usijali, kila mtu analipa yake.*

Kabla hajamaliza kusoma, simu ikalia kengele ya benki. Kirk amekutumia dola arobaini. Ikalia tena. Jolene amekutumia dola ishirini, *yangu na ya mtoto, pole Mama, kula vizuri.* Ikakaa kimya kidogo. Ikalia mara ya tatu. Wade amekutumia dola kumi na tano. Hizo tano za juu, aliandika, ni za keki.

Lavonne aliiweka simu mezani, uso chini.

Hawakuwa watoto wabaya. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wabaya, maana mtu mbaya unamkasirikia ukamaliza. Hawa walikuwa wamekaa kwenye foleni, wakashauriana kwa huruma, wakaona mama yao ana shida moja, na shida yenyewe ameitaja kwa kinywa chake asubuhi ile, na bei yake pia ameitaja. Basi wakailipa. Walilipa mara moja bila kuvutana, tena Wade akazidisha. Lavonne aliyajua yote hayo, na kuyajua hakukumpunguzia kitu. Palikuwa pamemuuma mahali ambapo hata Delmar alipokufa hapakuuma.

Akaigeuza simu, akampigia Kirk. Ililia mara sita.

"Mama! Zimeingia?" Nyuma yake kulikuwa na mngurumo na watu wanapiga kelele.

"Zimeingia."

"Safi. Basi usihangaike. Vipi, kuna jambo?"

Akashika ukingo wa meza. "Kirk, mwanangu, lipo. Nilikuwa nataka mkae hapa niwaulize..."

"Sikusikii, Mama! Tunasogea, ngoja, wanatufunga mikanda. Nitakupigia."

Mstari ukakatika. Lavonne akaishika simu mkononi, akingoja ilie. Saa kumi na mbili na nusu. Treni ile, kwa maelezo ya Kirk mwenyewe, huchukua dakika tatu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alijua wameshashuka, wanapepesuka, wanacheka, wanatazama picha zao walizopigwa midomo wazi, na mmoja kasema tununue soda. Aliwajua kama anavyoujua mkono wake. Kirk hakupiga. Hakusahau kwa ubaya. Alisahau tu.

Shangazi Peg akaja na mwiko wake, bado yumo mchezoni. "Hao watoto wako wamezamia wapi? Waambie chakula kikipoa watakula uji mpaka Jumapili."

Lavonne akainua uso. Peg akauteremsha mwiko, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, ya mwanamke aliyesimama tangu asubuhi na miguu inamwaka moto.

"Hawaji, sivyo?"

"Hawaji," Lavonne alisema. "Nakuletea hasara. Kata kwenye kadi. Vichwa saba, dola sabini, wameshanitumia."

"Hapana, mama. Hatutozi."

"Ni masharti yenu. Niliyasoma."

"Asipokuja mtu kabisa ndiyo tunatoza, maana meza imekaa bure. Akija hata mmoja akala, hatutozi. Bustani nzima hatujawahi kumtoza mtu hivyo. Na wewe umekuja."

Lavonne alizihesabu siku. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Watoto waliotolewa kwenye foleni, midomo ya Tess iliyobanwa, yeye mwenyewe kasimama nje ya kamba akipiga kelele mbele za watu. Angeweza kwenda kunywa chai na yule sungura peke yake, wala asikatwe hata senti. Faini aliyowatishia wiki nzima haikuwepo. Yeye, msoma masharti, ndiye aliyeishikilia, na leo watoto wake wameitumia kumlipia yeye mwenyewe.

"Nikuletee sahani moja?" Peg aliuliza.

"Lete. Na mboga usizipunguze."

Peg alipokwenda, Lavonne alifungua faili nyuma, akatoa karatasi ya Cedar Court, akapiga namba iliyoandikwa juu yake. Saa moja kasoro dakika nne. Bi Oyler alipokea mlio wa kwanza.

"Ni Lavonne Pruitt. Chumba namba kumi na nne, nakichukua."

"Una hakika? Ulisema utaongea na watoto kwanza."

"Wameshanijibu."

Bi Oyler akasema ataweka jina mlangoni. Lavonne akashukuru. Chakula kikaja: kuku vipande viwili, viazi vya kuponda vyenye kishimo cha mchuzi, maharagwe ya kijani yaliyopikwa na mafuta ya nguruwe mpaka yakalegea. Kwa jicho la mpishi aliona maharagwe yameiva kupita kiasi. Aliyala yote. Hakutaka shangazi yeyote aje kumlisha kwa kijiko.

Kwenye fataki hakwenda. Aliwaandikia kwamba nyonga inamsumbua, akarudi kwa basi, akalala mapema.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuondoka. Lavonne aliamka kabla ya wote, akakaanga mayai na nyama yote iliyobaki kwenye friji, maana hakuna cha kuachia wenye nyumba. Walipokwisha kaa, wajukuu wameshakula na kukimbilia bwawani kwa mara ya mwisho, alichukua simu yake akabonyeza mara tatu. Simu ya Kirk ikalia. Ikalia ya Jolene, kisha ya Wade, moja baada ya nyingine kuzunguka meza.

"Mbona unaturudishia?" Kirk aliuliza.

"Hawakunitoza. Akija hata mmoja, hawatozi."

"Unaona sasa." Kirk alifurahi kabisa, akampiga Wade begani. "Sabini tumeziokoa bila jasho." Kisha akakumbuka. "Ee, Mama, jana uliponipigia kulikuwa na nini? Nilisema nitakupigia, halafu wale watoto wakataka picha."

Lavonne aliketi. Alikuwa amelala na maneno hayo usiku kucha, na sasa hayakumkwama hata kidogo. Aliyasema kama anayesoma orodha ya vyakula vya wiki. Mwezi wa pili nilianguka kwenye ngazi. Nililala chini saa nne. Daktari hataki niishi peke yangu. Nimechukua chumba Cedar Court, mwezi ujao nahamia, na nyumba itauzwa.

Nje wajukuu walikuwa wakirushiana maji. Jolene ndiye aliyelia kwanza, mkono mdomoni.

"Saa nne, Mama? Ukanyamaza? Mbona hukuniuliza? Ungeniuliza mimi."

Lavonne alimtazama. Alimpa nafasi. Ungeniuliza, amesema, na baada ya neno hilo lilikuwepo neno jingine dogo, njoo, ambalo mtu angeweza kulitia hapo bila gharama yoyote. Alilingojea. Jolene alichukua kitambaa cha karatasi akajifuta macho, akasema tena kwamba mama yake angemwuliza yeye.

Akamgeukia Kirk. Kirk alikuwa amemtazama Tess, na Tess alikuwa ameitazama kahawa yake. Wade alikuwa ameinamia sahani, akiyasukuma mayai kwa uma kutoka upande mmoja kwenda mwingine, masikio yamemwiva kama alipokuwa mtoto akikamatwa na kosa. Lavonne aliwangoja wote watatu. Alingoja muda mrefu kuliko alivyowahi kumngoja mtu mezani.

"Lakini si unaweza kufuta?" Kirk alisema mwishowe. "Angalau tukae tulifikirie. Sehemu kama hizo huwa wanakupa muda wa kufuta."

"Walinipa. Ulikwisha jana saa moja jioni."

Aliinuka akishikilia meza, akalichukua faili jekundu kutoka juu ya friji, akalitia kwenye mkoba na kuvuta zipu. Alipopita nyuma ya kiti cha Wade alisimama, akaweka mkono kichwani pake, pale nywele zilipoanza kupungua kama za baba yake.

"Kula mayai yako," alimwambia. "Yameshalipiwa."